Nambari Mia na Kumi na Nne

Mke wangu alianza kuhifadhi Qurani akiwa na miaka sitini na moja. Kwa miaka mingi alikuwa amesomesha watoto katika chuo cha Qurani, hapa ukumbini kwetu Gombani, na wengi walitoka hapo wamekamilisha. Yeye mwenyewe alikuwa bado. Siku moja, akichambua mchele, alisema anaona haya kwenda mbele ya Mola wake na kifua nusu. Nikamwombea wepesi. Sikujua kwamba wepesi huo ungepitia kwenye ruta ya intaneti.

Mwalimu wake ni bibi wa Kipemba aliyehamia Maskati tangu ujana, mkubwa kwake kwa miaka kumi na tano. Walikuwa wakisoma kwa kishikwambi, wakionana uso kwa uso, saa tisa za mchana kwetu. Wakati huo Maskati ni saa kumi na bibi amekwisha sali laasiri. Walianzia mwishoni mwa msahafu, kama watoto wa chuo wanavyoanza, wakapanda taratibu kwa miaka minne mpaka Suratul Baqara. Kikabaki kipande cha mwisho, kuanzia juzuu ya tatu hadi aya ya mia mbili na themanini na sita.

Hapo, siku ya Jumanne, bibi akatupa habari mbili. Ya kwanza, Jumatatu inayofuata anaingia hospitali kupasuliwa moyo, na madaktari hawakumwambia atatoka lini. Ya pili, kipande hicho cha mwisho lazima kisomwe kwa mkao mmoja. Kikikatika katikati, kinaanzwa upya. Ndivyo alivyosomeshwa yeye, na maradhi hayatambadilishia desturi.

Nyumba yetu inagawana intaneti na majirani, na majirani wanapenda mpira. Mchana picha ya bibi ilikuwa ikigandaganda. Basi tulimwita fundi wetu, ambaye ni mwalimu wa kompyuta katika skuli moja hapa mjini, mama wa watoto watatu, na zamani alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mke wangu. Akaielekeza ruta ikipe kishikwambi haki ya kutangulia mbele ya simu zote za wapenda mpira. Lakini, akasema, ruta inakijua kishikwambi kwa nambari, na nambari hiyo hubadilika kila umeme unapokatika. Ni lazima tukipe nambari ya kudumu. Alikuwa anakimbilia kipindi chake, akaniandikia karatasi. Nikamwambia aende zake, hilo niachie mimi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila chombo cha nyumbani kilichoungwa na ruta kina nambari. Mwanzo wa nambari zote ni mmoja, kinachotofautisha ni ile ya mwisho. Mpaka mia moja ruta inagawa yenyewe, juu ya hapo mtu anachagua. Nikapiga bismillahi nikaandika mia na kumi na nne, idadi ya sura za Qurani. Sikuona kwa nini mtu mwenye akili achague nyengine.

Chini yake karatasi ilisema: "Lango: nambari ya ruta." Nikaandika. Kisha: "DNS: ile ile." Nikaandika ile ile, mia na kumi na nne.

Tangu hapo kishikwambi hakikufungua kitu. Nikakizima na kukiwasha mara nyingi. Nikakisogeza karibu na ruta, nikakiweka juu ya ruta. Mke wangu akatoka uwani akifuta mikono.

"Maalim, umekifanya nini?"

"Nimekitengeneza."

Akakitazama, akanitazama. "Basi kirudishe kilivyokuwa kabla hujakitengeneza."

Asubuhi ya Jumatano fundi alipita, akasoma nilichoandika, akaficha mdomo kwa ncha ya mtandio. Alinieleza kwa heshima, kama mtu anayemweleza babu yake kwamba kanzu ameivaa nje ndani. DNS ni kama sheha, mkuu wa shehia. Mgeni akija na jina la mtu, sheha ndiye anayemwambia nyumba ipi. Kishikwambi kinajua majina tu, hakijui nyumba, kwa hiyo lazima kiwe na wa kumuuliza. "Ile ile" yake ilikuwa nambari ya mstari wa juu, ya ruta.

"Weye Maalim umekiambia kijiulize chenyewe," akasema. "Tangu jana kinajiuliza, na hakijui."

Nikamwambia nimepata kuwaona wanafunzi wa namna hiyo. Akaandika nambari ya ruta mahali pa DNS na kila kitu kikafunguka.

Mchana huo mke wangu akakaa mbele ya kishikwambi, amejitanda, na mie nimekaa pembeni na tasbihi. Alisoma vizuri, mashaallah. Alipoingia katika ile aya ndefu kuliko zote katika msahafu, picha ya bibi ikatoweka. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Bibi alipopatikana tena alisema neno moja, "Mwanzo," lakini alikuwa amechoka, ikabidi iwe kesho.

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini, aya ile ile, kimya. Ijumaa pia.

Hapo nikaanza kutafakari, na kutafakari kwangu kukaniponza. Nikaona kwamba laasiri yetu ni saa tisa na dakika hamsini. Intaneti ilikuwa inakatika nusu saa kamili kabla ya adhana, wala haikosei hata dakika. Nikamwambia mke wangu huenda kuna hekima, huenda chombo hiki kimejaaliwa adabu ya kujitayarisha kwa sala. Niliwaeleza na wenzangu msikitini, nao wakasema subhanallah. Mmoja aliniomba nimpelekee mwanawe ruta ya namna hiyo.

Mke wangu hakusema subhanallah. Alisema zimebaki siku mbili, na kama kifaa kina adabu basi kingoje mtu amalize aya.

Jumamosi fundi akaja kukaa nasi saa hiyo hiyo, kishikwambi mapajani mwake, bibi kiooni, mke wangu akisoma kutoka pembeni. Ilipofika dakika ya ishirini picha ikakatika. Fundi akasoma maandishi madogo yaliyotokea juu ya kioo: nambari hii inatumiwa na kifaa chengine.

Akauliza nani mwengine humu ndani ana mia na kumi na nne. Nikasema hapana mtu, nambari hiyo nimeichagua mwenyewe kwa sababu maalumu. Mke wangu alikuwa anatengeneza mtandio ambao haukuharibika.

"Ni saa," akasema kwa sauti ndogo.

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa ya ukutani, Maalim."

Juu ya kichwa changu ilikuwapo saa ya adhana ambayo mke wangu alizawadiwa na wanafunzi wake wa zamani. Saa hiyo hulala, kisha nusu saa kabla ya kila adhana huamka na kuuliza nyakati katika mtandao. Nayo ilikuwa inasumbuliwa na kukatika kwa umeme. Muuzaji alimwelekeza mke wangu aipe nambari ya kudumu, na alipotakiwa kuchagua alichagua ya sura za Qurani. Hakuona kwa nini mtu mwenye akili achague nyengine. Kila saa ilipoamka ilidai nambari yake, na kishikwambi kikatupwa nje.

Fundi alicheka mpaka akaomba maji.

Nikasema saa ibadilishwe. Mke wangu akasema saa ilitangulia, na aliyetangulia safu ya mbele haondolewi na aliyechelewa. Akataka kishikwambi kipewe mia mbili na themanini na sita, idadi ya aya za Baqara, ili aifikie kwa baraka. Fundi akaiandika ili tuone. Ikakataliwa. Nambari hizi, akasema, mwisho wake ni mia mbili na hamsini na tano.

Mimi na mke wangu tukatazamana. Aya ya mia mbili na hamsini na tano ya Baqara ni Ayatul Kursiyyu.

"Tia hiyo," tukasema pamoja.

Ikakataliwa pia. Fundi akaeleza kwamba hiyo ni nambari ya kuviita vyombo vyote vya nyumba kwa mara moja, haiwezi kumilikiwa na kimoja. Wa kwanza kusema subhanallah alikuwa yeye, ambaye ndiye mwenye diploma.

Kisha akatuomba tumpe nambari isiyo na maana yoyote. Tukakosa. Mia mbili ni aya za Aali Imrani. Mia moja na sabini na sita ni za Nisaa. Mia na ishirini ni za Maida. Mwishowe fundi akaandika mia mbili na kumi na moja bila ya kutuuliza, na kule kwenye ruta akaihamishia haki ya kutangulia.

"Hii ina nini?" akauliza.

Tukafikiri kwa makini. "Haina kitu," akasema mke wangu.

"Alhamdulillahi," akasema fundi, akaenda zake.

Jumapili mke wangu alianza saa tisa kamili. Mimi sikuangalia kishikwambi, niliangalia saa. Ilipofika dakika ya ishirini taa yake ya kijani ikawaka. Sauti ya mke wangu ikaendelea. Taa ikazima. Akaimaliza aya ndefu, akaingia inayofuata, akafika katika dua ya mwisho wa sura, akaisoma pole pole mpaka neno la mwisho.

Upande wa Maskati kukawa kimya. Bibi alikuwa amefumba macho, uso hautikisiki. Nikasubiri. Hautikisiki. Nikajua: imeganda. Nikanyoosha mkono kwenda kuchomoa waya wa ruta ili niiwashe upya, na mke wangu, bila ya kuondoa macho kiooni, akanikamata kiganja na kunikalisha.

"Mwambie Maalim asiguse kitu," ikasema sauti ya bibi. "Nipo. Nilikuwa naomba dua."

Akafungua macho, akampa ruhusa ya kusomesha alichohifadhi, kama yeye alivyopewa. Mke wangu akalia. Mie nikasoma tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Bibi alitoka hospitali baada ya wiki tatu, kwa rehema za Mola. Siku aliyoruhusiwa kuzungumza tulimpigia kumpa pole. Alitushukuru, akauliza habari za jamaa, kisha akamwambia mke wangu kwamba katika ile aya ndefu kulikuwa na mvumo mmoja wa puani alioupunguza, na neno hilo lilikuwa likimkera kitandani muda wote aliokuwa hospitali.

Wameanza tena Jumamosi iliyopita, saa tisa.