Nilimcheza Mwali Ambaye Hajavunja Ungo

Kosa ni langu, nalisema kabla hujaniuliza. Sikushauriwa na mtu, wala shetani hakunipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu nikampotezea mwanangu wa kike miaka kumi. Naandika nikiwa nimechoka, ndugu msomaji, hivyo nivumilie.

Mimi ni mkulima wa mpunga, Namawala. Binti yangu nitamwita Felista, ingawa si jina lake. Tangu mdogo alikuwa mfupi, shingo pana, masikio yakimsumbua kila masika. Sisi tulisema amefuata kwa bibi yake. Alipofika miaka kumi na sita, ukimtuma kuamia ndege shambani unaona kichwa tu juu ya mpunga. Na hedhi hakuna.

Kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na somo, kisha hutolewa kwa ngoma; ndiko kuchezwa. Wenzake wote walishachezwa, na wadogo zao pia. Maneno yakaanza. Mwaka ule mpunga wangu ulikubali kuliko wa majirani, basi wakasema nimemfunga mwanangu kwa mganga ili ghala lijae. Aliyeniletea habari ni wifi yangu, dada wa mume wangu.

"Wifi, mimi sisemi, watu ndio wanasema. Huyu mtoto ana nini?"

"Hana kitu," nikamjibu. "Ameshavunja ungo tangu juzi."

Felista alikuwa pale pale anapepeta mchele. Akainua uso akaniangalia. Wifi alipoondoka nilimwambia, "Ukiulizwa, sema ndiyo."

Basi nikamcheza. Mwezi mzima alikaa ndani, somo akimfundisha kujisitiri na kitu ambacho hakuwa nacho. Siku ya kumtoa niliimba na kucheza mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo kila mwezi nilimtuma afue vitambaa visafi, avianike nyuma ya nyumba, kwenye njia anayopita wifi. Ujinga gani huu jamani!

Lakini linaloniumiza zaidi ni hili. Mwaka uliofuata masikio yalimzidi, nikampeleka hospitali Ifakara. Daktari, mama wa makamo, alimtazama masikio, akamtazama kimo, akamtazama tena.

"Miaka kumi na saba? Hedhi ameanza lini?"

"Mwaka jana," nikadakia.

Akamgeukia mtoto. "Ni kweli, binti?"

Felista akasema ndiyo. Tukapewa dawa ya masikio, tukarudi nyumbani. Njia nzima nilijiona mjanja.

Alipofika miaka ishirini na tatu akaolewa na kijana mpole wa Mang'ula. Mimi nikajidanganya kwamba ndoa itamfungua. Miaka miwili ikapita bila mimba. Mumewe akampeleka hospitali mwenyewe, na safari hiyo sikuwepo kumjibia. Alipoulizwa alisema, "Sijawahi kupata." Damu yake ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa.

Majibu yaliporudi niliitwa. Daktari alinieleza taratibu. Msichana kwa kawaida huzaliwa na kromosomu mbili za X, Felista anayo moja tu. Hali hiyo inaitwa sindromu ya Turner, na ndiyo iliyoleta ufupi, yale masikio na kukosa hedhi. Hakuna aliyemroga, na si kosa la mama wala baba. Ila angeletwa mapema kulikuwa na dawa za kumsaidia kurefuka, na homoni za kumkuza na kumlinda mifupa. Sasa mifupa imeshadhoofika, moyo inabidi ufuatiliwe, na kubeba mimba kwake ni vigumu sana.

Mkwe wangu alikuja wiki ile. Hakuwa hata na hasira.

"Shikamoo mama. Ningeambiwa, labda ningemchukua hivyo hivyo. Lakini mlinificha nyumba nzima."

Akaniachia mwanangu na sanduku lake la nguo.

Nilimwomba Felista msamaha. Alikuwa anaosha vyombo, hakusimama. Akasema, "Mama, mimi nilidhani wenzangu wote nao walidanganya. Nilidhani ndivyo mwali anavyofundishwa."

 

Wifi siku hizi ananipa pole, na mimi naipokea, maana hata nguvu ya kumchukia sina. Majirani walishasahau yale maneno yao. Mimi ndiye niliyeyabeba nikamtwisha mtoto.

Felista sasa anatumia homoni. Mwezi uliopita zilimletea hedhi, ya kwanza maishani mwake, akiwa na miaka ishirini na sita. Hakuniambia mimi mama yake. Aliyenitajia ni nesi, akidhani ninajua. Nikaitikia kama ninayejua.

Wewe mwenye binti asiyekua kama wenzake, usingoje ngoma, usingoje ndoa. Mpeleke hospitali angali mdogo. Na daktari akimuuliza, nakuomba unyamaze. Mwache ajibu mwenyewe.