Telegramu ya Kuua Kazi

Siku ambayo kadi zangu za matundu, zenye maagizo ya kompyuta, zilifika Dar es Salaam, mimi nilikuwa Kihesa, Iringa, napekua koti. Mfukoni nikakuta kadi moja imebaki: ile ya kukagua kama hesabu imekwisha na kuisimamisha. Bila hiyo, mashine ingezunguka na kazi yangu bila kikomo, na watafiti wote waliokuwa wakiisubiri mashine hiyo moja wangejua msomi mzembe ni nani.

Nilikimbilia posta na telegramu kwa waendesha mashine, ambao kwao kusimamisha hesabu ni “kuua kazi”: UA KAZI YANGU UPESI.

Dada wa dirishani aliisoma mara mbili. “Ndugu, taifa zima linahimizwa kufanya kazi, wewe unataka kuiua?”

“Ni kazi ya kompyuta, dada.”

“Hata kama. Hapa hatupeleki mambo ya kuua.”

Alifuta UA, akaandika ANGALIA. Watu wa foleni walianza kuguna nyuma yangu, nikakubali, hata nikashukuru.

Kesho yake alinisomea majibu kwa sauti ya pongezi: TUMEANGALIA. KAZI YAKO BADO INAENDELEA.