Ukuta wa Benki Uliosalimiwa kwa Udongo wa Karuba

Saa moja asubuhi. Ukungu wa msitu bado umelala juu ya mabati ya Walikale, na Déo Hakorimana amepiga magoti ndani ya jengo la zamani la benki, sikio lake likikaribia kugusa ukuta. Anagongagonga kwa kidole, anasikiliza. Kisha anakwangua kwa panga butu, taratibu, kama mtu anayemenya yai la kuchemsha.

Maganda ya rangi yanamdondokea mapajani: samawati, njano, kijani, na chini kabisa chokaa.

"Kila rangi iko na bantu yake," anasema bila kugeuka.

Déo, 46, ni mpaka rangi. Katika mwezi mzuri, yaani mwezi ambao mvua imemhurumia, anapata dola arobaini. Safari hii ameahidiwa dola 150 kupaka jengo zima kwa siku kumi na mbili. Leo Jumanne ni siku ya tisa, na hajafungua hata debe moja.

Katikati ya mji hakuna asiyelijua jengo hili, na nguzo zake nne. Wazee husema Wabelgiji ndio walioliacha jeupe. Wakati wa Zaire likawa kijani, na mwaka 1984 likawa njano. Benki ilipofunga milango, likaanza kuishi maisha ya wengine. Kanisa lililipaka samawati na kuimba mbele ya madirisha ya kulipia. Wakimbizi walipika bugali barazani, na mbuzi wakalala katika chumba cha hazina. Ukikaa humo kimya, mwanga ukipenya kwenye nondo, utadhani wote bado wapo, wamepanga foleni. Mwandishi wa habari hizi alidhani hivyo, na hakuwa ameonja hata tone la pombe.

Kijani na njano ni kazi ya Théoneste, baba yake Déo, aliyeteremka kutoka Karuba, kwenye vilima vya Masisi, kutafuta kibarua. Alikuja na mfuko wa udongo mwekundu wa kwao. Kabla ya kupaka ukuta wowote alilowesha udongo kidogo, akachovya kiganja, akakibandika pale chini karibu na sakafu. Kisha akapaka rangi juu yake.

"Alikuwaka nasema ukuta iko mugeni," Déo anaeleza. "Unamusalimia kwanza, kisha njo unamuvalisha nguo."

Tatizo ni kwamba rangi haishiki juu ya udongo. "Bakubwa ba benki balikuwa banamugombeza kila mwaka: Papa Théoneste, rangi yako inabambuka tena! Ye anacheka tu."

Vita vya 1996 vilipofika, Théoneste alitoka kutafuta chakula na hakurudi. Nyumba iliungua na picha zote. Kaburi hakuna.

"Sura yake imeanza kunikimbia," anasema Déo. "Nikawaza, basi hata mukono."

Ndiyo maana anakwangua badala ya kupaka. Mwenye jengo sasa, mfanyabiashara Mama Godelieve, anayetaka kuligeuza ghala la bidhaa zake, uvumilivu umemwishia.

"Déo ni kama mutoto yangu, lakini simenti yangu inafika siku ya posho," anasema, yaani Jumamosi. "Simenti haingojee mukono ya muntu."

Siku nane hizo Déo amepata matundu ya mchwa na jina la mpenzi wa mtu. Kiganja, hakuna.

Leo, kando ya mlango wa chuma wa hazina, kidole chake kinasikia mahali palipovimba. Anaingiza ncha ya panga. Ganda kubwa kama sahani linabanduka lenyewe, na nyuma yake pana wekundu. Vidole vitano vimetawanyika.

Anafuta vumbi kwa mkono wa shati, halafu anasogeza uso karibu. Ndani ya kiganja kikubwa kuna kingine kidogo, udongo wake mzito zaidi.

"Ni yangu," anasema. "Nilikuwa na miaka sita. Alinishika hapa." Anajishika kifundo cha mkono. "Udongo ilikuwa baridi. Nilikuwa nimesahau yote, kabisa."

Analia bila kujificha. Mama Godelieve, aliyekuja kugomba, anainama, anatazama, na ugomvi wote unamtoka.

"Basi acha pale," anasema polepole. "Usipake. Bantu baone."

Déo anatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Baba alikuwa nafunika. Mi pia nitafunika."

Ana mpango wake. Ijumaa binti yake Laetitia, mwenye miaka saba, anafika kutoka Buleusa. Ndani ya kopo la maziwa Déo ametunza konzi ya mwisho ya udongo wa Karuba, ambako kwa sasa njia haipitiki kwa usalama. Atamshika mtoto kifundo, abandike kiganja chake kando ya hivyo viwili, kisha apake ukuta wote rangi nyeupe aliyoagizwa.

"Na rangi yangu ibambuke?" Mama Godelieve anauliza, akijifanya mkali.

"Itabambuka, Mama," anajibu Déo, akifungua debe la kwanza. "Njo vile Laetitia atajua pa kunitafuta."