Lugha Niliyoichagua Peke Yangu

Nilijifunza kuandika programu nikiwa bado nasuka nywele saluni, mtaa wa Kawangware 56, Nairobi. Jumanne na Alhamisi nilimwachia mwenye saluni wateja wangu, nikatembea hadi mtaa wa Laini Saba, kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa na kompyuta kumi na mbili, nane zikiwa nzima. Ukuta wa nyuma ulipakana na mafundi wa masanduku ya bati. Mwalimu alikuwa akingoja nyundo zitulie kidogo, kisha anaendelea.

Mwenzangu nilikutana naye hapo. Alikuwa Mjaluo, mzaliwa wa palepale Laini Saba, na alikuwa na cherehani Soko la Toi, akipunguza suruali za mitumba ziwatoshe wanunuzi. Tulikaa kompyuta moja kwa sababu ni sisi wawili tu tuliokuwa wanawake watu wazima. Wengine walikuwa wametoka shule juzi. Yeye alikuwa mwepesi wa kushika. Mimi nilikuwa mzito, lakini nikishashika sikuachilia. Mwalimu alitufundisha JavaScript, lugha ambayo karibu kila tovuti inaitumia, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumepata kazi yetu ya kwanza.

Kazi ilitoka kwa muuguzi mkuu wa zahanati moja ya Kawangware, ambaye kila mtu alimwita Sista. Alikuwa akiandika chanjo za watoto kwenye daftari kubwa, na akina mama walikuwa wakisahau tarehe za kurudi. Alitaka kompyuta ikumbuke kwa niaba yake, na iwatumie SMS siku mbili kabla.

Tukaanza. Siku moja nilijaribu kumwingiza mtoto asiye na tarehe ya kuzaliwa, maana nilijua wapo, walioletwa na nyanya zao kutoka ushago, huko mashambani, bila karatasi yoyote. Kompyuta haikulalamika. Ilimpokea, ikanyamaza, na haikumwandalia ujumbe. Mtoto alikuwa ndani ya mashine na hayupo.

Jambo hilo lilinikera hadi nikaanza kutafuta njia nyingine, na ndipo nikakutana na lugha ndogo, iliyotungwa na watu wachache kwa ajili ya kurasa za tovuti. Jina lake sitalitaja; walioitunga hawakunikosea lolote. Lugha hiyo ilikataa kabisa kuendelea mpaka niseme: huyu asiye na tarehe, utamfanyaje? Nilisoma swali lile kwenye kioo cha kompyuta nikasisimka. Nilihisi nimempata mtu anayejali ninachokijali.

Nikamwambia mwenzangu tuanze upya.

"Wacha mchezo," akasema. "Hiyo kitu hapa Nairobi inajulikana na nani?"

"Na mimi."

"Na ukihama? Ama upate kazi kwingine? Sista atampigia nani?"

"Atanipigia mimi."

Alijaribu tena kwa upole. "Hako kashida ka tarehe tutakashughulikia hata na hii yetu. Ni kuongeza tu mistari kadhaa."

Mimi nilikuwa na haraka ya kuwa sahihi. Nikamwambia amezoea kurekebisha nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, ndiyo maana hajali mshono wa ndani ukoje. Alichukua mkoba wake akaenda, akajitoa kwenye kazi, na wiki ile ile Sista akaniachia yote.

Mama yangu, aliyefika Kawangware akiwa hajui lugha ila Kimaragoli cha kwao, alinisikiliza nikimweleza kisa hicho huku akichambua mboga ya mrenda.

"Unafikiri mimi nilijifunza Kiswahili kwa sababu ni kitamu?" akaniuliza. "Nilikuwa nataka kuuza."

Nilicheka. Nilidhani haelewi.

Kwa miaka mitatu programu yangu haikuanguka hata mara moja. Naomba hilo lijulikane, kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema. Sista alinisifu kwa wagonjwa, nami nikaanza kupeleka maombi ya kazi kwenye ofisi za Ngong Road. Niliitwa mara nne. Ofisi moja, kijana aliyenihoji aliandika jina la lugha yangu vibaya, akaniomba nimtajie tena.

"Na JavaScript?"

"Naijua, lakini..."

Alikuwa ameshafunua ukurasa mwingine. Mara zote nne nilirudi saluni nikajiambia kwamba watu wale hawajui kazi nzuri. Mikono yangu ilizidi kuwa hodari kwa rasta.

Kisha kampuni iliyokuwa ikitupelekea SMS ikabadilisha namna ya kupokea ujumbe. Kwa wenye JavaScript ilitoa kipande kilichoandikwa tayari, cha kupachika tu. Kwa lugha yangu hapakuwa na kitu. Nilikwenda kwenye ukurasa wa mtandao ambako watumiaji wa lugha ile tulikuwa tukisaidiana, nikaweka swali. Siku zikapita. Mwishowe mtu mmoja wa nchi nisiyoijua alinijibu kwa adabu kwamba watunzi wenyewe wamekuwa kimya muda mrefu, na kwamba yeye pia ameshahamia lugha nyingine.

Nilipambana peke yangu wiki mbili, ujumbe usitoke. Sista akalitoa daftari kabatini, kisha akaniita.

"Dada, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini wamama wananiuliza mbona simu zimenyamaza. Nimepata mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mwenzangu. Cherehani alikuwa amemwachia dada yake, na sasa alikuwa na chumba chake cha kazi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wafanyakazi wawili. Sista aliniomba nimweleze kilichomo. Tukakaa tena kompyuta moja, mimi nikisoma mstari kwa mstari, yeye akiandika kwenye karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli. Hakunipa.

"Ni safi," akasema tulipofika katikati. "Kweli ni safi. Hata naskia vibaya kuitupa."

Afadhali angenitukana.

Nilimwonyesha mahali pa watoto wasio na tarehe. Akasema ameona, atapashughulikia. Alimaliza kazi nzima kwa siku tisa, na SMS zikaanza kwenda.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa namsuka mama mmoja saluni, mtoto anayemlea kalala mapajani mwake. Akaniambia wenzake wote wanapata ujumbe wa zahanati isipokuwa yeye. Nikamuuliza mtoto alizaliwa lini. Akasema aliletwa na shangazi yake, siku yenyewe hawaijui vizuri.

Niliacha kichwa chake nusu, nikamwomba radhi, nikaenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Njiani nilikuwa na furaha mbaya, naikiri. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Alinisikiliza, akafungua kitabu chake cha kazi, akanionyesha. Alikuwa ameandika: watoto bila tarehe. Chini yake kulikuwa na kazi nyingine nyingi, na hiyo haikuwa imefikiwa.

"Nilisahau," akasema. "Ni makosa yangu. Kaa hapo unisaidie."

Nikakaa. Nilirekebisha kwa JavaScript, lugha niliyoidharau miaka yote hiyo: mistari sita, ikiwaweka watoto hao kwenye orodha yao wenyewe ili Sista awapigie simu. Sijui kama chai aliyoniagizia ilikuwa imepoa nilipomaliza. Nilikuwa sahihi kuhusu hatari. Kuhusu dawa yake nilikosea, na hiyo ndiyo sehemu iliyonigharimu miaka. Mtu yeyote mwenye subira angeweza kuwakumbuka watoto wale kwa lugha yoyote. Mimi nilitaka lugha iwakumbuke kwa niaba yangu, na nikaita tamaa hiyo msimamo.

"Kuna kazi hapa," mwenzangu alisema nilipoinuka. "Ukitaka."

Nilirudi saluni nikamaliza kichwa cha yule mama, na Jumatatu nikaanza kazi kwake. Sitasema nina shukrani. Yeye ni bosi mwema, hunisikiliza, na kila anaponisikiliza nachukia kidogo kwamba ni yeye anayeamua kunisikiliza. Juzi kompyuta yangu iliniambia imejaa, nafasi ya kazi za ofisi haitoshi. Nilitafuta cha kuondoa, nikaichagua lugha ile ndogo pamoja na yote niliyoyaandika kwayo. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, na haikuchukua hata dakika.