Jina Lililo Kwenye Faili

Nilipiga nondo za dirisha la mapokezi kwa kikombe cha bati cha mwanangu. Nikapiga mpaka uji ukaruka ukamchafua nesi begani. Benchi zima likageuka. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na mama mkwe akajifunika uso kwa khanga kama vile hakuja na mimi.

Pale hospitali wagonjwa huitwa kwa majina. Ukiitika "Nipo!", faili lako linaingia kwa daktari. Usipoitika linarudi kabatini. Sasa mimi naumwa sauti. Nikisema, hutoka upepo tu. Daktari alishanichungulia kooni kwa mpira wa kamera, akaona utando mweupe kwenye nyuzi za sauti, akakata kipande kiende maabara. "Inaweza isiwe kitu, na inaweza kuwa inaelekea saratani," aliniambia. "Fuata majibu, usichelewe."

Sikuchelewa. Mara ya kwanza nilitoka Kahama na basi la alfajiri, nikaitwa, nikaitika, hakuna aliyesikia. Mara ya pili nikajikaza mpaka ukatoka mkoromo mzito kama wa mwanaume. Nesi hakuinua hata macho. "We baba, tulia, naita mwanamke hapa!" Benchi likacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, nikakaa.

Mara ya tatu nikaja na mama mkwe aniitikie. Jina likaitwa, akanyamaza. Nikamfinya.

"Unanifinyia nini? Hujaitwa bado."

Kwake mimi ni mama wa mjukuu wake, basi. Jina langu la kwenye faili hajawahi kulitamka, na mimi sikukumbuka kumwambia. Nilipofika dirishani nesi akasema, "Limesharudi hilo. Njoo mwezi ujao." Ndipo nikashika kikombe.

Faili likatoka. Ndani yake: *Hakufika. Hakufika. Hakufika.*

Daktari alisoma majibu, akavua miwani. "Seli zimeanza kubadilika. Saratani bado, na si kila mtu inamfikia. Lakini hizi zimebadilika sana, tuutoe huo utando mapema. Niambie tena, unavuta sigara? Ukiendelea kuvuta, hatari inazidi."

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, kampakata mtoto. Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Mkwe wangu hana mambo hayo," akasema kwa fahari, yule yule aliyetoka kunionea aibu.

Kuvuta nilianzia kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Geita, nikipepeta mawe yaliyosagwa. Tulivuta wote, wanaume kwa wanawake. Hadi leo navuta nyuma ya choo, kisha natafuna bazoka kuua harufu. Nimemdanganya daktari mara mbili, huku moyoni nawatukana watu wa hospitali kwa uzembe.

Nikaomba karatasi. Nimeishia kidato cha nne, kuandika najua. Niliyompa karani wa mganga mfawidhi, akaigonga muhuri, ilisema hivi:

*Yah: Malalamiko. Nimeitwa mara tatu na nimefika mara tatu. Mmeandika sikufika kwa sababu sina sauti, na ugonjwa wangu ndio huo. Nataka maneno hayo yafutwe, na wagonjwa wa koo muwafuate benchini. Kikombe nilipiga mimi, naomba radhi kwa nesi. Nakala apewe daktari wangu, ajue kwamba sigara navuta. Nimeshindwa kulisema mbele ya mama mkwe.*

Chini nikaandika jina langu kamili, kwa herufi kubwa.