Nafasi ya Baba Melini

Juzi, kwenye foleni ya meli Bukoba, nilimsikia mwanamume akimwambia bintiye, "Tangulia, nakuja."

Baba aliniambia hivyo hivyo hapo bandarini, nikiwa mtoto, alasiri tuliyotoka kijijini kwetu Kituntu. Kulinuka dizeli na ndizi mbivu. "Tangulia na shangazi, mkatandike mkeka kabla watu hawajajaa. Napimisha mikungu, nakuja."

Nilipita getini haraka, nikijivunia kazi ya wakubwa. Juu nilitandika mkeka, nikajinyoosha ili nafasi ya baba isichukuliwe.

"We mtoto, umejitandaza kama mamba! Kunja miguu," mama mmoja alinicheka.

"Shikamoo. Hapa ni pa baba."

Honi ililia, ngazi ikaondolewa. Nilidhani baba amepandia mlango mwingine. Shangazi akanipa senene, panzi wa kwetu wa kukaanga. Nikamwekea baba nusu. Gati lilipokuwa mbali, ndipo shangazi aliponiambia kwamba baba amebaki, nami nakwenda kuishi kwake Mwanza.

"Baba yako alisema ukijua, utatusumbua getini."

Sasa naelewa kwamba aliyaogopa machozi yangu. Ningelia, ndiyo, kisha ningepanda. Lakini ningekuwa nimemuaga.