Kozi ya Agosti ya Mwalimu Aketch

Mwalimu Aketch alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na waliompenda walimpenda hivyohivyo. Alipanga chumba Lindi, Kibera, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi Gatina, Kawangware, kufundisha kemia katika shule ya sekondari iliyokuwa ndani ya ukumbi wa kanisa la Pasta Ephantus. Kanisa lilikuwa la Ephantus, shule ilikuwa ya Ephantus, na hata chaki aliyeitoa kabatini ni Ephantus.

Kwa miaka mingi Aketch alifundisha jinsi alivyofundishwa: anasoma noti, watoto wanaandika, wanakariri, wanasahau. Kazi ilikuwa imemchosha roho. Ndipo Agosti ya 1996 akapata nafasi katika kozi ya likizo ya walimu wa sekondari za Waldorf, shule ambazo mwalimu hasomi kitabu darasani bali huanza kwa kuonyesha kitu chenyewe. Wakufunzi walitoka Ulaya, kwao kukiwa kiangazi. Walikuja na kaptura, maskini, wakakutana na baridi ya Nairobi wakaanza kuazima masweta.

Siku ya kwanza ya kemia, mkufunzi aliwasha moto wa majani makavu, akawaacha wautazame. Hakutoa fomula hata moja. Aketch alikuwa ametaja neno mwako maisha yake yote ya ualimu na hakuwahi kumwonyesha mwanafunzi moto. Aliona haya, kisha akakasirika, kisha akafurahi kama mtoto. Alijua papo hapo kwamba muhula wa tatu atawasha moto kama ule mbele ya Form Three yake.

Kabla ya masomo, walimu walisimama kwa duara, wakapiga hatua polepole, wakipokezana fimbo za shaba huku wakikariri shairi. Yalikuwa mazoezi ya mwili na usemi, basi. Lakini Aketch alikuwa mzito wa kushika hatua, kwa hiyo jioni alijizoeza nje ya mlango wake kwa mpini wa fagio. Jirani yake Sella, muumini wa kanisa la Ephantus, akamwona. Miaka hiyo magazeti yalijaa habari za waabudu shetani, na kila mtu alimjua mtu aliyewahi kumwona mmoja. Wiki haikuisha kabla Gatina nzima haijaambiwa kwamba Mwalimu Aketch anaita mashetani kwa fimbo, tena kwa Kilatini. Hicho Kilatini kiliongezwa njiani.

Ephantus akamwita. "Mwalimu, hiyo kozi uache leo."

"Imebaki wiki moja, Pasta. Nitaimaliza."

"Basi Jumapili utakuja mbele uombewe. Ukikataa, third term usikanyage hapa."

Alimaliza kozi, na Jumapili akaenda.

Katika kanisa lile kuombewa kulikuwa na utaratibu wake. Pasta anaweka kiganja kwenye paji la uso, anakemea, anasukuma, mtu anaanguka, akina mama wanamfunika leso, na pepo limetoka. Kila mtu alijua kuanguka. Wengine hata walichagua pa kuangukia. Aketch angelala sakafuni kidogo tu, ainuke, kazi ibaki yake. Lakini angekuwa amekiri kwamba kozi aliyotoka ni ya shetani, na wanafunzi wake walikuwa wamekaa palepale wakimtazama.

Ephantus akasukuma. Aketch akayumba, akasimama. Akasukuma tena, akikemea kwa sauti ya kupasua bati. Kwaya ikazidisha. Sella, aliyewekwa nyuma yake na leso mkononi, akamnong'oneza, "Aki mwalimu, si uanguke tu yaishe? Nitakudaka."

"Sianguki," Aketch akasema, wala hakunong'ona.

Wimbo ukaisha, ukaanzwa upya, ukaisha tena. Shati la Pasta lililowa jasho mgongo mzima. Watu wakaanza kutazamana, maana hawakuwahi kuona jambo hilo. Mwishowe mkono wa Pasta ukashuka wenyewe.

"Pepo lako ni ngumu," alisema akihema. "Hapa huna kazi tena."

Ilimuuma. Machozi yalimtoka mbele ya Form Three nzima, na hakuyafuta.

"Kazi chukua, Pasta," akasema. "Lakini kuanguka, sijaanguka."